Natakiwa kupunguza kilo 26 kabla ya kubadilishiwa goti: nifanyeje bila kujidhuru?

FundiWaTanga:
Shikamooni wakubwa, na wengine nawasalimu. Nina umri wa miaka 54, ni fundi cherehani, na goti langu la kulia limesagika kiasi kwamba picha ya eksirei inaonyesha mfupa umegusana na mfupa. Daktari wa mifupa amekubali kuniwekea goti bandia, lakini kwa sharti kwamba nishuke kutoka kilo 128 hadi kilo 102 au chini yake, na amenipa miezi minane. Urefu wangu ni sentimita 160, hivyo kwa hesabu yake BMI yangu, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni 50 na anataka ifike 40. Natumia metformini na glibenklamidi kwa ajili ya kisukari, pamoja na amlodipini na kidonge cha kukojosha maji kwa ajili ya presha.

Shida yangu ni kwamba nilitoka chumbani kwa daktari na namba tu mkononi, njia sikuelezwa. Jirani ananishauri nile tikiti maji peke yake kwa siku 21. Shoga yangu anauza chai ya kukata tumbo na anaapa kwamba haina madhara. Binti yangu aliyeko Muscat anataka kuniletea zile sindano za kupunguza mwili. Wote wananitakia mema, ila nahofia kufika kwenye kitanda cha upasuaji nikiwa mwembamba na mgonjwa kuliko nilivyo sasa. Mazoezi nayo yananishinda, kwani hata kituo cha daladala nakifikia kwa kupumzika mara mbili.

MvuviWaNyali:
Pole sana, dada yangu. Hofu yako ina msingi, nami ni shahidi, maana nilitakiwa kupunguza kilo 20 kabla ya kufanyiwa upasuaji wa ngiri iliyotokeza kwenye kovu la zamani, nikaamua kuzimaliza upesi. Asubuhi nilikunywa uji mwembamba, usiku nikala matunda, na katikati nikashinda na maji. Kwa wiki sita nilipoteza kilo 14 na nikajiona shujaa. Nilipopimwa damu, albumini, yaani protini ya kwenye damu, ilikuwa gramu 28 kwa lita wakati inatakiwa isipungue 35, na daktari akakataa kunipasua kwa sababu kidonda cha mtu mwenye damu ya namna hiyo huchelewa kufunga na huingiwa na usaha kwa urahisi. Picha ya tumbo ilionyesha pia vijiwe kwenye nyongo, ambavyo kabla ya hapo havikuwapo. Nywele sitaki hata kuzizungumzia.

Safari ya pili ilinichukua miezi kumi, nikila samaki, kunde na mboga kila siku, na wali nikiupima kwa kikombe kile kile. Upasuaji ulikwenda vizuri. Jambo ambalo hakuna aliyenitayarisha kwalo ni maneno ya watu. Huku kwetu mtu akinenepa husemwa amenawiri, akikonda watu huanza kunong'ona kwamba ana ugonjwa asiotaka kuutaja. Mke wangu ilimbidi awaambie jamaa waziwazi kwamba ni amri ya daktari, la sivyo kila mgeni aliyekuja alikuja na sahani ya biriani ya kuniokoa.

LisheMorogoro:
Mama, mimi ni afisa lishe mstaafu. Kabla ya kugusa chakula, nenda kliniki yako ya kisukari ukawaambie kwamba unaanza kupunguza ulaji, kwa sababu dozi zako zilipangwa kwa mtu anayekula kama unavyokula leo. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini glibenklamidi huendelea kuisukuma sukari chini hata kama sahani imepungua nusu. Ukiona jasho la ghafla, kutetemeka au kuchanganyikiwa, pima sukari, na ikiwa chini ya 4 (mmol/L) kunywa kitu chenye sukari papo hapo, bila kufikiria kilo. Kidonge cha kukojosha maji nacho kinaweza kukuletea kizunguzungu na kukupunguzia potasiamu, na dozi ya presha mara nyingi huhitaji kupunguzwa kadiri mwili unavyoshuka. Usijipunguzie mwenyewe, mwache daktari apunguze.

Kuhusu kasi, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ndiyo inayokubalika kwa mtu anayejisimamia nyumbani. Kilo 26 kwa miezi minane ni wastani wa robo tatu ya kilo kwa wiki, kwa hiyo daktari wako hakukupa mtihani usiowezekana, ingawa hakukupa nafasi ya kuchezea. Wiki ya kwanza unaweza kushuka kilo tatu ukafurahi, lakini sehemu kubwa huwa ni maji. Zipo lishe za kilokalori kama 800 kwa siku, na nchini Uingereza zimetumika hata kwa watu wenye kisukari kwa miezi mitatu hadi mitano, ila walipewa mchanganyiko maalumu wenye protini na vitamini zote, wakasimamishiwa dawa za kisukari na za presha, na wakafuatiliwa kwa karibu. Tikiti maji la jirani halina lolote katika hayo. Ukishuka zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, kwa wiki kadhaa mfululizo, unajitafutia vijiwe vya nyongo kama vya ndugu yetu wa Nyali.

Kinachopaswa kupungua ni mafuta, nayo misuli ibaki, kwa kuwa misuli ya paja ndiyo itakayokusimamisha siku ya pili baada ya upasuaji. Kwa urefu wako lenga gramu 70 hadi 80 za protini kwa siku. Mayai mawili asubuhi, kipande cha samaki cha gramu mia moja mchana pamoja na kikombe cha maharage yaliyopikwa, kiganja cha dagaa wakavu jioni, na kikombe cha mtindi usio na sukari, hapo umefika. Mchicha, tembele, bamia na kabichi jaza nusu ya sahani. Ugali usiuache, ila uwe ukubwa wa ngumi yako, na dona ni bora kuliko sembe.

Halafu tuzungumze kuhusu mafuta ya kupikia, kwa sababu katika miaka yote niliyokaa kliniki hapa ndipo nilipowakuta wengi wamekwama wakidhani kosa ni la ugali. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takribani kilokalori 120. Mpishi anayemimina kutoka kwenye chupa hutia vijiko sita bila kujua, kisha juu yake anaweka tui zito la nazi kwenye kisamvu, na kisamvu kile kile ambacho kingekuponya kinageuka kuwa chakula kizito kuliko nyama. Pima kwa kijiko, vijiko viwili kwa siku kwa sehemu yako. Soda, juisi ya miwa na chai yenye vijiko vinne vya sukari ondoa kabisa. Wengine wamepoteza kilo tano za kwanza kwa hilo peke yake.

Chai ya shoga yako nadhani ina majani ya sena, yale yanayoharisha, au kitu cha jamii yake. Kuharisha hakuchomi mafuta, hutoa maji na potasiamu, na wewe tayari unatumia kidonge cha kukojosha. Potasiamu ikishuka mapigo ya moyo huvurugika, na mtaalamu wa dawa za usingizi hatakubali kukulaza katika hali hiyo.

FundiWaTanga:
Nashukuru mno, sikujua kwamba kidonge cha presha na ile chai vinaweza kukutana vibaya. Nina maswali mawili. Ramadhani itaangukia katikati ya miezi hiyo minane, je, nifunge? Na kuna mazoezi gani kwa mtu ambaye goti halikunji?

LisheMorogoro:
Kufunga amua pamoja na daktari wa kisukari mapema, kwa sababu ya ile glibenklamidi. Akikuruhusu, ujue kwamba wengi hunenepa Ramadhani kwa ajili ya futari, si kwa ajili ya kufunga. Kuhusu mazoezi, unaishi mji wenye bahari, mama. Maji yakikufika kiunoni hubeba karibu nusu ya uzito wako, kwa hiyo kutembea ndani ya maji pale Raskazone kwa dakika ishirini, ukiwa na mtu wa kukushika, kunawezekana hata kwa goti bovu. Nyumbani, ukikaa kwenye kiti cha cherehani, nyoosha mguu, kaza misuli ya paja ukihesabu hadi tano, legeza, rudia mara kumi, asubuhi na jioni. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja inayotoka mwilini hupunguza takribani kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Kwa hiyo usishangae maumivu yakipungua kabla hujafika nusu ya safari.

UsingiziDodoma:
Nafanya kazi ya dawa za usingizi, na nitajibu kuhusu sindano tu. Semaglutidi, ambayo nadhani ndiyo sindano anayotaka kukuletea binti yako, ni dawa ya kweli na inafanya kazi, lakini kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili utafiti ulionyesha wastani wa upungufu wa asilimia 9.6 ya uzito kwa wiki 68. Kwako hiyo ni kama kilo 12, kwa muda mrefu kuliko uliopewa. Ukiichanganya na glibenklamidi bila kurekebishiwa dozi, sukari inaweza kuanguka. Peni ya sindano ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, na sanduku la nguo kutoka Muscat si friji. Zaidi ya hayo, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwezi Juni 2024 kuhusu semaglutidi bandia zilizokamatwa katika nchi kadhaa. Kama ni lazima, iandikwe na daktari anayekufuatilia.

Na ukiitumia, usitufiche. Dawa hii huchelewesha chakula tumboni, mtu akaja amefunga saa zote alizoambiwa na bado tumbo lina kitu, kikapanda na kuingia mapafuni wakati amelala. Mwaka 2023 wataalamu wa usingizi wa Marekani walishauri sindano ya kila wiki isimamishwe wiki moja kabla, na mwaka 2024 ushauri ukabadilika kwamba wengi wanaweza kuendelea, huku wenye hatari zaidi wakila vyakula vya majimaji tu kwa saa 24 kabla ya upasuaji. Uamuzi ni wa timu yako, lakini hawawezi kuamua wasilolijua. Waeleze pia kama unakoroma na kushtuka usingizini ukitafuta hewa, maana kwa uzito wa kilo 128 hilo linatuhusu kuliko hata goti.

KijanaWaMifupa:
Naomba nitofautiane kidogo, si na lishe bali na sharti lenyewe. Mwaka 2013 chama cha wapasuaji wa nyonga na magoti cha Marekani kilishauri kufikiria kuahirisha upasuaji kwa wenye BMI inayozidi 40, na ndiyo chanzo cha namba hiyo katika hospitali nyingi. Lakini mwaka 2023 chama hicho hicho, pamoja na madaktari wa baridi yabisi wa huko, kilitoa mwongozo unaopendekeza mgonjwa asicheleweshwe kwa sababu tu ya kusubiri afike BMI fulani, na mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 unasema unene usiwe sababu ya kumnyima mtu rufaa. Hatari ya usaha na ya dawa za usingizi ipo kweli, na pengine hospitali yako haina vifaa vya mgonjwa mzito, kwa hiyo simlaumu daktari. Muulize tu kwa adabu: je, nikifika kilo 108, sukari ikiwa imetulia na damu yangu ni nzuri, utanipasua au utanirudisha nyumbani?

FundiWaTanga:
Nimerudi baada ya wiki tisa. Mzani unasoma kilo 121.4. Kliniki wamenipunguzia glibenklamidi nusu na kile kidonge cha kukojosha wamekisimamisha, na nimepimwa albumini, ni 39. Swali la KijanaWaMifupa nililiuliza. Daktari alinyamaza kidogo, kisha akasema tuonane mwezi wa sita, aangalie vipimo vyote kwa pamoja, si mzani peke yake. Binti nimemwambia asilete kitu zaidi ya mzani mzuri wa jikoni. Kituo cha daladala sasa nakifikia kwa kupumzika mara moja.