Ushauri: Umeme wa elfu tano unanitoa jasho, na mjukuu ameshaijua namba yangu ya siri

Babu Tandika:
Habari za jioni wanajamvi. Nina miaka 68, mwalimu mstaafu. Macho ya mbali mazima kabisa, daladala ikiwa bado kule naisoma ni ya Kariakoo au ya Posta. Ya karibu ndiyo kasheshe.

Juzi luku imekata tukiwa mezani. Nafungua menyu ninunue umeme, natafuta miwani, nikiipata menyu imeshaondoka. Mara tatu! Namba za umeme zikaingia kwenye simu, tarakimu 20. Sasa simu ndiyo tochi, simu hiyohiyo ndiyo yenye namba. Nikimulika rimoti ya luku ya kuingizia namba, sisomi namba, nikisoma namba rimoti iko gizani. Nimefika ya 17, nikakosea. Mjukuu wa kidato cha pili akasema "Babu lete," dakika moja taa zikawaka. (Mwaka 2024 mita zilipoboreshwa na kila mtu akaletewa tokeni tatu, yaani tarakimu 60, huyohuyo ndiye aliyeniokoa.)

Shida ni kwamba sasa anaijua namba yangu ya siri. Si mwizi, ila Ijumaa elfu mbili imeondoka. Namuuliza, ananiambia "bando, Babu."

Na vidole navyo! Nimekwenda kusajili laini, mashine ikagoma. Miaka 35 ya chaki. Yule binti akaniuliza kama nina vidole kweli, foleni nzima ikacheka. Nifanyeje nijitegemee?

Wakala Temeke:
Shikamoo mzee. Vidole vya wazee na mafundi ujenzi vinatusumbua kila siku. Nawa, kausha, paka mafuta kidogo sana, subiri yaingie, kisha futa. Kidole kikavu mno hakisomeki, chenye mafuta mengi nacho kinateleza. Usikubali kurudishwa kwa kidole kimoja, mwambie ajaribu vyote kumi. Huyo binti kakosa adabu tu.

Chogo wa Mbagala:
Elfu mbili ni posho ya fundi umeme mzee, samehe 😂

Fundi Simu:
Chogo acha utani. Mzee, shikamoo. Ingia kwenye mipangilio ya simu, ongeza ukubwa wa maandishi, halafu ongeza muda wa kioo kuzima. Kuhusu siri, badilisha leo. Mjukuu aendelee kukusaidia: abonyeze kila kitu, namba ya siri huwa inaombwa mwishoni. Ikifika hapo mnyang'anye simu, ingiza mwenyewe, tena geuka pembeni. Mteja wangu mmoja alikuwa ameiandika nyuma ya kava la simu. Nilimrudishia simu na hofu juu.

Bi Mkubwa wa Ilala:
Mwalimu, mimi nina 71, usinitishe na 68 yako. Kwanza, nani kakwambia ununue umeme usiku? Nunua mchana, zikibaki yuniti kumi. Pili, zinakili namba nne nne, ni mafungu matano tu, maandishi makubwa, ukiingiza fungu unaweka vema. Mimi natumia daftari la vikoba. Wewe umeshika chaki miaka yote hiyo, huna hata ubao?

Halafu jihadhari na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Mwezi uliopita nusura niwatumie, maana kweli kuna mtu nilikuwa nadaiwa naye. Ujumbe wa namna hiyo tuma kwenda 15040, ndiko wanakoripotiwa.

Babu Tandika:
Marahaba vijana. Bi Mkubwa, shikamoo yako dada, umenigusa penyewe.

Leo saa sita nimenunua. Chaki bado ninazo nusu boksi, nikaandika mafungu matano kwenye mlango wa chumbani, kila namba kubwa kama kiganja. Nikarudi nyuma hatua nne hadi ilipo rimoti, miwani ncha ya pua: juu yake nausoma mlango, chini yake naiona rimoti. Imekubali mara ya kwanza.

Siri nimebadilisha. Mjukuu karudi kutoka shule, katazama mlango, kaniuliza hiyo ni hesabu ya darasa la ngapi. Bando hajaniuliza bado.

Chogo wa Mbagala:
Futa mlango mzee, leo usiku ataishika simu.

Babu Tandika:
Hizo ni za umeme ulioshaingia, Chogo. Kaa chini.