Tupeane uzoefu: kava la simu limewahi kukuokoa au kukuponza?

Kijana wa Igoma
Wakuu, jana nashuka kwenye hiace pale Buzuruga, Mwanza, konda anapiga bodi "shuka shuka", simu ikanichomoka mkononi. Ina kava lenye kona nene, buku tano nzima. Ina na protekta. Ikadunda mara moja kwenye lami, ikaenda kulalia jiwe kifudifudi. Naiokota: protekta haina hata mkwaruzo, kioo cha chini yake ndio kimepasuka kama utando wa buibui. Fundi kanitajia laki na ishirini. Simu yenyewe niliichukua laki mbili na nusu, imeshatumika. Haya, nani mwingine aliyepigwa? Tupeane uzoefu.

Jiwe juu ya Jiwe
Pole. Mji huu una mawe mengi kuliko makava.

Muuza Protekta
Mkuu uliwekewa ile ya elfu mbili. Njoo Makoroboi nikuwekee 9H, ngumu kama almasi, unapigia hata msumari.

Fundi wa Nyegezi
Acha kudanganya watu. Hiyo 9H ni kipimo cha kukwaruza kwa penseli, haihusiani na almasi. Kinachokula vioo vya hapa ni mchanga. Haya mawe yetu ni ya granaiti, ndani yake kuna kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko vioo vingi vya simu. Weka simu mfuko mmoja na mchanga wa Kayenze uone.

Muuza Protekta
Nyie mafundi ndio mnawaharibia biashara wenzenu. Kwani kioo kikipasuka hawaji kwako?

Fundi wa Nyegezi
Wanakuja. Na wengi wanakuja na protekta yako juu.

Mama Dagaa
Jamani mmenikumbusha kitu ambacho nilishaapa nisikisimulie.

Mimi nachukua dagaa visiwani naleta Mwaloni Kirumba. Mwaka juzi, wakati wa giza la mwezi, nilikuwa Ukara kufuata mzigo. Nilikuwa nimenunua ule mfuko wa plastiki ngumu wa kuvaa shingoni, wenye vibanio vya kukunja juu, muuzaji kaniapia maji hayaingii. Na kweli hayakuingia, hilo nisimsingizie.

Tumetoka alfajiri na mtumbwi wa injini, tuko sita na magunia. Katikati ya maji upepo ukabadilika, injini ikakohoa, ikazima. Wimbi linatupiga ubavuni, watu wanachota maji kwa ndoo ya rangi. Mnajua sisi wa huku, baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama Septemba 2018 pale Ukara, chombo kikiyumba tu moyo unatoka. Nikashika simu nimpigie mwenye mtumbwi atume mwingine. Kioo hakisikii. Nafuta na kitenge, kitenge chenyewe kimelowa chapachapa. Nachora ile alama ya kufungulia, inaniambia nimekosea. Nachora tena, imekosea. Mara ikanifungia, nisubiri sekunde thelathini. Sekunde thelathini ndani ya wimbi!

Halafu ikaita. Baba Neema. Naliona jina lake linawaka ndani ya ule mfuko, mvuke umeshatanda kwa ndani, natelezesha kidole kupokea, haitelezi. Ikaita mpaka ikakata. Ikaita tena. Nilikuwa nalia na simu nzima mkononi, chaji asilimia themanini, mtandao upo, na siwezi kusema hata "halo".

Aliyetuokoa ni kijana mchota maji. Akatoa kitochi chake kimeviringishwa kwenye nailoni na kufungwa mpira wa baiskeli. Akabonyeza vitufe juu ya nailoni hivyohivyo, akapiga. Baada ya kama saa moja wakaja kutukokota. Ule mfuko mpaka leo ninao, naweka chumvi.

Mvuvi Mstaafu
Hili la kidole chenye maji ni kweli tupu. Ndani ya maji kitochi ndio baba lao.

Raia Mwema
Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku toka tarehe 1 Juni 2019. Huyo kijana aliitoa wapi?

Mama Dagaa
Kaka, mimi nilikuwa nazama.

Jiwe juu ya Jiwe
Hahaha, Raia Mwema angedai kwanza risiti ya nailoni ndio apandishwe kwenye mtumbwi wa uokoaji.

Raia Mwema
Nimeuliza tu.

Fundi wa Nyegezi
Mama pole sana. Kioo cha kugusa hakisikii msukumo, kinasikia umeme wake mdogo ukivutwa na kidole. Maji yakitanda juu yake kinachanganyikiwa, kinadhani vidole viko kumi. Ndio maana vitufe havikumwangusha yule kijana. Simu nyingi za sasa ukibonyeza kitufe cha kuwashia mara tano mfululizo zinaleta simu ya dharura. Angalieni kwenye mipangilio mkiwa nchi kavu, msisubiri wimbi. Na mfuko ukinunua, weka kwanza tishu ndani, uzamishe kwenye ndoo nusu saa. Tishu ikitoka kavu ndio uweke simu.

Kaka wa Capri Point
Yangu ni IP68, ile daraja ya kuzuia maji, sihitaji mfuko wala kava. Naogelea nayo.

Fundi wa Nyegezi
Soma vizuri. Wengi wanaahidi mita moja na nusu kwa nusu saa, maji yasiyo na chumvi, yaliyotulia. Gundi na mipira ya kuzuia maji inachakaa, na ikishafunguliwa na fundi kama mimi ndio usiiamini tena.

Mvuvi Mstaafu
Ikiingia maji weka kwenye mchele wa Kahama siku mbili.

Fundi wa Nyegezi
Mzee wangu, shikamoo, lakini mchele upike. Unga wake unaziba tundu la chaji. Zima, ifute, isimamishe tundu likiangalia chini penye upepo, usichomeke chaji.

Mvuvi Mstaafu
Marahaba. Yangu ilipona na mchele.

Bi Mkubwa wa Nyasaka
Niwape la kwangu. Kava la mume wangu lilikuwa jeli, limegeuka njano kama mafuta ya kupikia. Nikasema nimfanyie jambo, nikamnunulia jipya la ngozi. Kalala, nikalitoa la zamani taratibu. Nyuma yake: noti ya elfu kumi, sawa. Stika ya bima, sawa. Na laini ya simu imebandikwa kwa selotepu.

Jiwe juu ya Jiwe
Weeee.

Kijana wa Igoma
Ukaiweka kwenye simu??

Bi Mkubwa wa Nyasaka
Nikaiweka kwenye simu.

Mama Dagaa
Dada usituachie hapo.

Dereva Boda Mabatini
Mimi nauliza la kwangu. Nimefunga kishikio cha simu kwenye usukani ili nione ramani na nipokee wateja. Miezi minne tu, kamera inatetemeka yenyewe kama ina malaria, picha zote ukungu.

Jiwe juu ya Jiwe
Boda subiri foleni, tunamsikiliza mama.

Fundi wa Nyegezi
Boda, ni mtetemo wa injini. Kamera zenye kituliza picha zina kilenzi kinachoelea juu ya springi na sumaku. Apple wenyewe walionya mwaka 2021 kuhusu pikipiki. Weka mfukoni, sikiliza ramani kwa spika ya masikioni, sikio moja. Au funga simu ya bei rahisi isiyo na hicho kituliza.

Trafiki Asiye na Kofia
Sikio moja nalo ni kosa tukikukuta pale mzunguko wa barabara wa Samaki. Natania. Kidogo.

Mwalimu Nansio
Mimi nina kishikwambi, vile walivyotupatia walimu baada ya sensa ya 2022. Kava zake huku kisiwani ilikuwa kuzitafuta kwa tochi, nikashonesha la kitenge lenye sponji ya godoro ndani. Zuri, ila kikichajiwa humo kinachemka, nakitoa kwanza. Stendi ni ndala: kata mfereji katikati ya soli, chomeka. Wanafunzi wananicheka lakini haijawahi kuanguka. Hata meza ikimwagikiwa chai, ndala ni ndala.

Muuza Protekta
Mwalimu, stendi ninazo elfu nne.

Mwalimu Nansio
Ndala nyingine ninayo.

Kijana wa Igoma
Bi Mkubwa yuko wapi jamani?

Bi Mkubwa wa Nyasaka
Nipo. Laini ilikuwa na namba moja tu, imeandikwa "Fundi Bomba". Nikapiga. Kapokea mama mkwe wangu. Kumbe ndiyo laini ya kumtumia hela za dawa, mimi nisijue kiasi.

Jiwe juu ya Jiwe
Afadhali ingekuwa mchepuko.

Bi Mkubwa wa Nyasaka
Ndivyo nilivyomwambia mume wangu na yeye. Hatujaongea tangu Jumapili. Kava jipya kalivaa.

Dereva Boda Mabatini
Fundi, kubadilisha hiyo kamera bei gani?