Nina laki 8, kamera ya sendofu na pasipoti saizi nichukue ipi?

mama_steshenari:
Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza, Buzuruga, nna kasteshenari kangu natoa kopi, nalaminisha na napiga pasipoti saizi kwa simu. Sasa wateja wameanza, dada njoo utupigie sendofu, dada mtoto ana kipaimara, mahafali ya fomu foo nayo hayo yanakuja, na mi kila siku nawapa namba ya kijana mmoja afu yeye ndo anakula hela. Juzi nimepokea mchezo, nna laki 8.

Nimezunguka mjini nimeona vitatu. Canon 4000D mpya na boksi lake laki 7 na 80, muuzaji anasema haipungui hata mia. Canon 700D ya mtumba na lenzi ya 18-55 laki 4 na nusu. Afu kuna kakamera kadogo kameandikwa megapikseli 48 na 4K, laki 2 tu. Baba watoto anasema chukua ka 48 namba kubwa hiyo, muuzaji anasema mtumba utakuja kulia. Na kuna flashi ya mchina elfu 90. Nisaidieni kabla hii hela haijageuka ada ya shule.

jiwe_la_kapripoint:
Dada, ka 48 kaache hapohapo kalipo. Wewe una mashine ya kopi utanielewa haraka: chukua kitambulisho ukikuze mpaka A4, karatasi imekua kubwa lakini maandishi si ni yaleyale tu yamefifia? Vikamera vya bei hiyo mara nyingi ndo vinafanya ivo, sensa, yaani kile kibapa cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo kama ukucha, afu programu inavuta picha mpaka ifike hiyo 48. 700D ni ya mwaka 2013, ina megapikseli 18, lakini sensa yake ni kama mm 22 kwa 15, na picha yake unaprinti karibu A3 nzima haijapasuka. Sa pasipoti saizi ndo itashindwa?

Kinachosumbua kwenye sendofu ni giza. Ukumbi una taa za rangi rangi, MC anazima anawasha, bi harusi anaingia anacheza, hapo lenzi ya 18-55 ukivuta mwisho inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa kubwa tundu la lenzi ni dogo), inakunywa mwanga kidogo sana, picha inatoka imetikisika au ina chenga. Tafuta lenzi ya fifti, 50mm f/1.8, hiyo inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile 18-55 ikiwa imevutwa. Ya mtumba kwa laki na nusu unapata ukivumilia. Kwahiyo mi ningechukua 700D, fifti, flashi, memori kadi mbili na betri ya ziada, na hela ya bajaji inabaki.

flashi_imegoma:
Naongezea hapo kwenye flashi maana mi limenikuta. Nilichukuaga kamera mpya kabisa, nikachukua na flashi ya bei chee, sijajaribu hata kuziunganisha dukani, nikaenda nazo sendofu Nyakato. Nabonyeza, kamera inapiga, flashi kimya. Nikabadili betri za flashi, kimya. Mama wa bibi harusi ananiangalia tu, ikabidi nipige usiku kucha kwa kile kiflashi cha juu ya kamera, watu wote macho mekundu ukuta nyuma mweusi, nikalipwa nusu, sikubisha, kosa langu.

Kumbe ni hivi. Pale juu ya kamera unapochomeka flashi, angalia katikati kama kuna kitufe cha shaba cha duara. Flashi rahisi za manyuo, zile unazipanga nguvu kwa mkono, zinategemea hicho kimoja tu kuwaka. Canon 4000D, na 2000D pia, hazina hicho cha katikati, zinataka flashi inayoongea lugha ya Canon na hizo bei yake nyingine. 700D inacho. Kwahiyo dada ukichukua mpya ya laki 7 na 80 na ile flashi yako ya elfu 90, uwezekano mkubwa umenunua tochi isiyowaka 😂

Na jingine, sherehe za kwenye turubai usigeuzie flashi juu. Turubai la bluu linarudisha mwanga wa bluu, ukoo mzima unatoka kama umelazwa wodini. Kwenye dari jeupe sawa.

dagaa_mwaloni:
Mi nna mawazo tofauti kidogo, kwanini usiendelee na simu? Mi napiga picha za dagaa na sangara hapa Mwaloni Kirumba natupia status wateja wa Dar wanaagiza, sijawahi kuhitaji kamera.

jiwe_la_kapripoint:
@dagaa_mwaloni dagaa wako wamelala juani mkuu, hawachezi Kwaito 😀 Mchana simu inatosha kabisa wala sibishi. Ila hata mchana, mpeleke bwana harusi Kapripoint jiwe la Bismarck nyuma yake, saa kumi na moja jioni jua linashukia ziwani, maji yanang'aa, uone uso wake utakavyokuwa mkaa. Hapo ndo unataka flashi ya kujaza uso.

mzee_wa_studio:
Vijana mmesema vizuri. Binti, hiyo ya mtumba usilipe kabla hujafanya haya. Toa lenzi, washa tochi ya simu, mulika kupitia upande mmoja uangalie upande wa pili. Ukiona utando kama wa buibui hiyo ni fangasi, huku kwetu ziwani unyevu ni mwingi, kamera ikifungiwa kabatini kwenye mkoba wa ngozi inaota. Halafu piga picha ya ukuta mweupe kwenye f/16, ukuze, uone madoa ya uchafu kwenye sensa. Kile kioo cha nyuma kigeuze geuze huku kimewaka, kikizimika zima njiani waya wake umechoka. Na ukishanunua tunza kwenye ndoo yenye mfuniko unaokaza, weka vile vipakti vya kunyonya unyevu vya kwenye boksi za viatu.

mama_steshenari:
Shikamoo mzee, na nyote wabeja sana. Nimerudi leo na tochi yangu. Kweli bana, lenzi ina utando pembeni kama nywele nyeupe, muuzaji ananiambia ni vumbi tu dada litatoka, nikamwambia basi litoe. Kanyamaza, kaniletea nyingine kutoka kwenye kamera ya pili, hiyo safi. Kitufe cha katikati kipo, nimekigusa na kidole kabisa, flashi tumejaribu imewaka. Imeshuka mpaka laki 4 na 20. Fifti nimepata Makoroboi, laki na 40.

Jioni nimejaribu kuwapiga ndugu wa mume wangu sebuleni, wako 12, na fifti. Nimerudi nyuma nimegonga kabati, nimetoka mlangoni, mpaka nimefika uani kwenye ndoo za maji na bado shemeji amekatwa bega. Ni mimi au lenzi mbovu?

jiwe_la_kapripoint:
Nzima hiyo 😂 Namba ya lenzi ikiwa ndogo inaona pana, ikiwa kubwa inaona kwa wembamba, na kwenye sensa ya 700D fifti inaona kama 80 kwenye kamera ya sensa kubwa. Wakiwa kundi rudisha 18-55, iweke kwenye 18, flashi ielekeze darini. Na shemeji mpige tena maana hawezi kusahau.