Programu ya kuchuja maombi ya kazi tumeinunua: wajibu wa kisheria ni wa nani?

Swali
Habari zenu wanajukwaa. Kampuni yetu ndogo huwatafutia wafanyakazi waajiri walio katika nchi za Umoja wa Ulaya, na hutumia programu ya akili mnemba inayosoma wasifu wa waombaji na kuwapanga kwa alama. Programu hiyo tuliinunua, hatukuiunda. Je, Sheria ya Akili Mnemba ya Umoja huo inatuhusu, ilhali ofisi zetu ziko nje yake, au mzigo wote ni wa aliyetuuzia?

Jibu la kwanza
Inawahusu. Sheria hiyo, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024 na ambayo masharti yake yanatekelezwa kwa awamu, haiangalii tu ofisi iko wapi, bali pia matokeo ya mfumo yanatumika wapi. Uchujaji wa waombaji wa kazi umetajwa waziwazi miongoni mwa matumizi yenye hatari kubwa, na kwa maoni yangu ni haki kabisa, kwani aliyenyimwa kazi kwa alama asiyoiona hana pa kukatia rufaa.

Muundaji ndiye mwenye mzigo mzito zaidi wa kupima hatari, kuhakiki data na kuandaa nyaraka za kiufundi. Hata hivyo, ninyi watumiaji mtatakiwa kuweka msimamizi mwenye ujuzi na mamlaka ya kuitengua alama, kutunza kumbukumbu za mfumo zilizo mikononi mwenu kwa angalau miezi 6, na kuwaarifu waombaji kwamba mfumo huo unatumika.

Jibu la pili
Naongezea. Mkiibandika programu hiyo jina lenu, au mkiibadilisha kwa kiasi kikubwa, sheria itawahesabu ninyi kuwa ndio watoaji wake, yaani mtaubeba ule mzigo mzito wa muundaji. Tena kagueni kama ina kipengele cha kusoma hisia za mwombaji katika usaili wa video. Kama kipo, kizimeni leo, kwa sababu kutambua hisia za watu katika mambo ya kazi kumepigwa marufuku tangu tarehe 2 Februari 2025, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Faini ya kukiuka marufuku hufikia euro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato ya mwaka duniani kote, ingawa kampuni ndogo hupimiwa kwa kiwango kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Muulizaji
Nashukuru sana. Mkataba wetu hausemi lolote kuhusu kumbukumbu wala nyaraka.

Jibu la kwanza
Basi msiuhuishe kabla muuzaji hajakubali kwa maandishi kuwapa vyote viwili.