MJADALA: Kampuni ikitangaza kuzima gemu, tuiombe isizime au tuiombe ituachie?

Wakuu, salaam.

Barua ya kuiomba kampuni isizime seva za gemu yetu (kompyuta zake zinazoiendesha mtandaoni) imeshazunguka kila kona na wengi mmetia sahihi. Nimeisoma mwanzo hadi mwisho. Ina uchungu wa kweli na sina ugomvi na walioiandika. Ila inaomba jambo moja tu: kampuni ibatilishe uamuzi wake na seva ziendelee. Kwa maoni yangu, hakuna ombi lililo rahisi kukataliwa kuliko hilo, na tukienda nalo peke yake tutarudi mikono mitupu.

Ninachopendekeza ni hiki. Kampuni ikitaka kuondoka, iondoke, lakini gemu ibaki. Kabla ya tarehe ya kuzima, itoe toleo linalochezeka bila seva zake, au itupe programu ya seva tuiendeshe wenyewe, au itoe leseni kwa kikundi cha wachezaji watakaokubali masharti yake. Yoyote kati ya hayo matatu yatatutosha. Najua wapo humu wanaoona huku ni kusalimu amri mapema, kwa hiyo naomba mnisikilize kwanza, kisha mnipinge kwa hoja.

Waliotutangulia katika msiba huu ni wengi, na kwangu mfano ulio karibu zaidi na wetu ni City of Heroes, gemu ya mtandaoni ya mashujaa. Ilianza Aprili 2004. Tarehe 31 Agosti 2012 kampuni ya NCsoft ikatangaza kwamba inaifunga gemu hiyo pamoja na studio iliyoitengeneza, Paragon Studios. Wachezaji hawakukaa kimya. Walikusanyika ndani ya gemu, kwenye mtaa wa Atlas Park, mbele ya jengo la halmashauri ya jiji lenye sanamu ya Atlas akiwa ameibeba dunia mabegani. Kila mhusika aliinua mwenge. Walijaa mpaka mtaa ukashindwa kuwabeba, na mfumo ukalazimika kufungua nakala nyingine ya mtaa uleule, na nyingine tena. Sahihi zilikusanywa, barua zikaandikwa, vyombo vya habari vikapigiwa kelele. NCsoft ikajibu kwamba imejaribu njia zote, ikiwemo kuuza, na imeshindwa. Tarehe 30 Novemba 2012 seva zikazimwa.

Kwa nini walishindwa? Sidhani ni kwa sababu walikuwa wachache au hawakupiga kelele vya kutosha. Walikuwa wanaomba kitu ambacho kampuni ilikuwa imeshakivunja. Watengenezaji walishaachishwa kazi. Kusema "endeleeni" kulimaanisha kuajiri upya, kulipia mitambo, kujibu malalamiko ya kila siku, na kufanya yote hayo kwa ajili ya gemu ambayo uongozi ulishaifuta kwenye mipango yake. Ombi likiwa la namna hiyo, aliyeko mezani hahitaji hata kuwa katili ili alikatae.

Kilichofuata ndicho ninachotaka tukitazame kwa makini. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba kikundi cha mashabiki kilikuwa kikiendesha seva ya siri kwa miaka kadhaa. Msimbo wa gemu, yaani maandishi ya programu yake, ukatoka hadharani, seva za wazi zikafunguliwa, na mojawapo ni Homecoming. Januari 2024 NCsoft, kampuni ileile iliyokataa mwaka 2012, ikawapa Homecoming leseni rasmi. Seva hizo zinaendeshwa na watu wa kujitolea kwa michango ya wachezaji, na kucheza ni bure. Mwaka 2012 kampuni iliombwa iubebe mzigo ikakataa. Mwaka 2024 iliombwa iwaruhusu wengine waubebe ikakubali. Miaka zaidi ya 11 imepotea katikati, na watu wangapi wa jamii ile walitawanyika wasirudi tena? Mimi nataka sisi tuanzie pale walipomalizia wao.

Kuna mdau ameshanijibu kwamba kampuni hubadili msimamo zikisukumwa, akatolea mfano World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ya kampuni ya Blizzard. Ni kweli kabisa na mfano ni mzuri. Mwaka 2013 mchezaji aliuliza kwenye mkutano wa Blizzard kama seva za toleo la zamani zitarudi, na J. Allen Brack, mmoja wa viongozi wa gemu hiyo, akamjibu kwamba mnadhani mnalitaka, lakini hamlitaki. Aprili 2016 seva ya mashabiki iitwayo Nostalrius ikafungwa baada ya barua ya wanasheria wa kampuni, na sahihi zaidi ya 200,000 zikakusanywa. Waendeshaji wa Nostalrius wakakutana na Blizzard ana kwa ana. Novemba 2017 Brack huyohuyo akapanda jukwaani kutangaza toleo hilo la zamani kwa jina la World of Warcraft Classic, na Agosti 2019 ikafunguliwa. Jagex, wenye gemu ya RuneScape, nao mwaka 2013 waliwapigisha kura wachezaji kuhusu kurudisha toleo lake la zamani, kura zikakaribia 450,000, na Old School RuneScape ikazaliwa Februari mwaka huohuo.

Lakini tazameni kilichowashawishi. Katika mifano yote miwili kampuni ilionyeshwa wateja ambao wangelipa ada ya kila mwezi, tena kwa wingi. Gemu yenyewe haikuwa inakufa, ilikuwa inaingiza fedha, na kilichodaiwa ni toleo lake la zamani. Sisi hatuna hesabu hizo. Tukijidanganya kwamba tunazo, kampuni itafungua takwimu zake kabla hatujamaliza sentensi ya pili. Na hata pale kampuni inapolegea kwa huruma, huruma hiyo haidumu. Gemu ya mtandaoni EverQuest, toleo la kompyuta za Mac, ilipangiwa kufungwa mwaka 2012, wachezaji wakalia, uamuzi ukabatilishwa, watu wakashangilia. Mwaka 2013 ikafungwa. Mfano huo ndio ulionibadilisha mawazo kuliko mwingine wowote, kwa sababu wale walishinda. Walipewa walichoomba, na walichoomba hakikutosha.

Sasa The Crew ya Ubisoft. Ilitoka Desemba 2014, gemu ya magari yenye ramani ya Marekani iliyofinywa, na sehemu kubwa yake ungeweza kuicheza peke yako kabisa. Hata hivyo ilidai uunganishwe na seva wakati wote. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na kuanzia hapo aliyeinunua kwenye diski na aliyeipakua wote wakabaki na kitu kisichofunguka. Kisha ikaondolewa kwenye orodha ya gemu zinazochezeka za wateja, na ujumbe uliowapokea ukawaelekeza wakatafute burudani nyingine dukani. Hebu fikirieni: umelipa, hujavunja sharti lolote, halafu unaonyeshwa duka.

Hapo ndipo Ross Scott, mtengeneza video wa YouTube, alipoanzisha kampeni ya Stop Killing Games, yaani "Acheni Kuua Gemu". Watu wengi wanadhani kampeni ile inadai seva ziendeshwe milele. Haidai hivyo. Inadai kwamba kampuni ikiacha kuihudumia gemu iliyouza, iiache katika hali ya kuchezeka. Kwa madai hayo ya wastani, sahihi za wananchi wa Umoja wa Ulaya zilipofungwa tarehe 31 Julai 2025 zilikuwa zaidi ya milioni 1.4, wakati kiwango kinachotakiwa ni milioni 1. Uingereza nako sahihi zilivuka 100,000 na wabunge wakajadili suala hilo Novemba 2025, ingawa serikali ilisema haina mpango wa kubadili sheria ya walaji. Na Ubisoft wenyewe? Septemba 2024, miezi michache tu baada ya kelele kuanza, walitangaza kwamba gemu zilizoifuata, The Crew 2 na The Crew Motorfest, zitapata toleo la kuchezwa bila intaneti. La The Crew 2 limeshatoka. Hakuna sheria iliyowalazimisha. Walidaiwa kitu wanachoweza kukitoa, wakakitoa.

Pingamizi zenu nimezisoma, na nitazijibu kwa uzito wake.

Wanaosema gemu ni mali ya kampuni na ina haki ya kuifunga: sipingi. Simdai mtu aendelee na kazi asiyoitaka. Nadai kwamba haki ya kuacha kuhudumia isigeuke kuwa haki ya kuharibu nilichonunua. Gemu ya magari Forza Horizon 3 iliacha kuuzwa mwaka 2020, na walioinunua wakaendelea kuicheza. Kuacha kuuza na kuua ni mambo mawili tofauti.

Wanaosema haiwezekani kitaalamu: inategemea, na hapa tusiwe wabishi. Gemu kubwa yenye seva nyingi zinazotegemeana, ndani yake mna programu za kampuni nyingine ambazo hairuhusiwi kuzigawa, haigeuzwi kuwa ya nje ya mtandao kwa wiki mbili. Ndiyo maana nimependekeza njia tatu, siyo moja. Knockout City ilipofungwa Juni 2023, watengenezaji wake, Velan Studios, walitoa bure toleo la kompyuta ambalo wachezaji wanaweza kujiendeshea seva zao. Ni studio ya kawaida, siyo jitu lenye mabilioni. Kwa kampuni yetu kazi hiyo ikiwa kubwa mno, leseni ya kwenye karatasi haihitaji mhandisi.

Pingamizi linaloniumiza kichwa ni la usalama. Vyama vya kampuni za gemu barani Ulaya vinasema seva zikiendeshwa na mashabiki hakutakuwa na wa kulinda taarifa za watu wala kuzuia mazungumzo machafu, na lawama itarudi kwa mwenye jina. Nataka kuliona hili kama kisingizio lakini siwezi. Baada ya Disney kuifunga Club Penguin, gemu ya mtandaoni ya watoto, mwaka 2017, nakala za mashabiki zilijitokeza, na mwaka 2020 uchunguzi wa BBC ukakuta katika mojawapo lugha ya ngono na matusi mbele ya watoto. Ikafungwa, na ilistahili. Mashabiki wapo wa kila aina. Ila nauliza, nakala ile ilikuwa na leseni? Haikuwa nayo. Ilikuwa imechipuka gizani kwa sababu mlango halali haukuwepo. Homecoming wana masharti waliyosaini na jina wanaloogopa kulichafua. Tukitaka kuaminiwa, barua yetu iseme wazi nani atasimamia gumzo, umri wa chini wa kujiunga ni upi, na kwamba taarifa binafsi za akaunti za sasa hatuzitaki kabisa. Wachezaji wajisajili upya.

Na yule aliyesema "ni gemu tu, tafuteni nyingine". Ndugu yangu, katika kikundi chetu yupo mwenzetu anayecheza kwa mkono mmoja. Kila tunapoingia kwenye pango la mwisho tunasimama mlangoni mpaka amalize kupanga silaha zake, na hakuna aliyewahi kuambiwa afanye hivyo, ni jambo lililojijenga lenyewe kwa miaka. Wageni wakijiunga wanaiga bila kuuliza. Kwenye gemu nyingine tutaanza wote upya, yeye na sisi, vitufe vingine, mwendo mwingine, kama wote tutahamia gemu moja, jambo ambalo huwa halitokei. Hicho ndicho kinachofungwa. Picha na sauti za gemu unaweza kuzirekodi ukazihifadhi.

Kwa hiyo napendekeza barua iandikwe upya. Ianze kwa kuishukuru timu ya watengenezaji, kwa sababu wengi wao hawakuutaka uamuzi huu na ndio watakaotusaidia kwa siri au hadharani. Isitaje kususia bidhaa nyingine za kampuni. Vitisho tusivyoweza kuvitimiza vinatushushia heshima. Iweke maombi matatu kwa mpangilio wa upendeleo wetu: programu ya seva kwanza, toleo la nje ya mtandao la pili, leseni la tatu. Iombe pia duka la vitu vya ndani ya gemu lifungwe mara moja, maana kumuuzia mtu vazi leo la mhusika atakayefutwa kesho kutwa si haki hata kidogo. Na itaje watu watatu au wanne walio tayari kuzungumza na kampuni, wenye ujuzi wa seva na wa mikataba, ili atakayeisoma awe na wa kumjibu.

Mwanasheria yeyote aliyemo humu aipitie sehemu ya leseni, hapo ndipo nahisi tuna udhaifu. Na ninyi mnaoshikilia kwamba barua ibaki kama ilivyo, nijibuni hili moja: kampuni ikisema hapana kwa ombi lenu pekee, siku ya pili tutaomba nini, na tutakuwa tumebakiwa na muda gani?