Apdeti imelikata ziwa letu, miezi saba ya kazi imeharibika, halafu watu wanacheka

Wakuu, habari za usiku.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Tangu Jumamosi sijatulia kwa sababu ya gemu. Kama wewe ni wa kusema "si gemu tu", ishia hapa, uzi huu haukuhusu.

Gemu lenyewe ni la kuokoka porini. Unashushwa mahali huna hata kisu, unakata mti, unachimba jiwe, unatafuta chakula, usiku ukiingia unajifungia ndani usiliwe. Dunia yake yote ni ya matofali. Jina silitaji, wachezaji wenzangu mtalijua kabla sijafika nusu. Nacheza na mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko darasa la saba, kwenye kompyuta ya mezani hapa nyumbani Mwanga, Kigoma. Mchana natengeneza simu. Usiku tukishakula, umeme ukiwepo, tunakaa saa moja, saa moja na nusu. Wenzetu wanatafuta dhahabu na kupigana na mazimwi. Sisi tulikuwa tunajenga Kigoma.

Tulianza kwa kutafuta ziwa. Gemu hili linachora dunia kutokana na namba moja unayoliwekea mwanzoni, wachezaji tunaiita mbegu. Namba ileile, dunia ileile. Tulijaribu namba usiku baada ya usiku, dogo akiziandika kwenye daftari na kuzikata kwa kalamu nyekundu. Bahari tulipata, mabwawa tulipata. Tulichotaka ni ziwa refu, jembamba, lenye milima pande zote mbili na kina kinachoanza hapo hapo ukitoka ufukoni, kama Tanganyika lilivyo. Namba ya 68 ndiyo iliyotupa. Dogo alipanda kilimani, akatazama magharibi, akaiona milima ya ng'ambo imefifia kwenye ukungu, akasema, "Mjomba, ile pale ni Kongo." Tukaweka kambi palepale.

Stesheni peke yake ilitula wiki tano. Mnaoijua stesheni ya Kigoma mnajua lile jengo jeupe mwisho wa barabara ya Lumumba, limekaa pale tangu Wajerumani wafikishe reli hapa mwaka 1914. Dogo alikwenda Jumamosi moja na daftari la hesabu, akasimama juani akahesabu madirisha na matao. Jumapili akarudi tena kwa sababu upande mmoja aliusahau. Na jiwe jeupe kwenye gemu hili haliokotwi juu. Unalifuata chini kabisa, kwenye giza, na huko chini tumekufa mara ambazo siwezi kuzihesabu. Kila ukifa mzigo unaachia hukohuko, unarudi kuufuata mikono mitupu.

Baada ya stesheni tukajenga gati, Kibirizi na mitumbwi yake, barabara ya kwenda Ujiji na miembe yake, mwembe mmoja mmoja, mche unaupanda mwenyewe na unasubiri ukue. Mwisho ikaja Liemba, ile meli ya zamani ya ziwa letu. Ile ya kweli ina urefu wa mita 71 na kidogo, na tofali moja kwenye gemu tunalihesabu mita moja, kwa hiyo tukaweka matofali 71 bila kupunguza. Mpango ulikuwa likizo ijayo tujenge vituo vya kusini, meli ipate safari ya kwenda.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Jumamosi asubuhi niliiunganisha kompyuta na simu yangu ili nimtumie mteja faili. Hazikufika dakika kumi na tano. Katika muda huo gemu likajisasisha lenyewe. Halikuniuliza chochote, na bando langu likaenda nalo. Jioni tunafungua tunakuta tangazo la mstari mmoja: mandhari yameboreshwa. Dogo akafurahi, akasema labda wameongeza samaki.

Tulisimama gatini kama kawaida yetu. Mbele ya pua ya Liemba palikuwa na mlima. Nasema mbele ya pua: kati ya chuma cha meli na jiwe hapakuwa na nafasi ya kupitisha mtumbwi. Ziwa lilibaki kipande cha bandari tu, kisha jiwe tupu lililonyooka kwenda juu kama limepigwa rula. Dogo hakulia. Alizunguka meli yote, akarudi pembeni yangu, akauliza, "Mjomba, sasa itapita wapi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Tukatoka kuangalia hasara. Barabara ya Ujiji ipo, miembe ipo, lakini ardhi ya kushoto na kulia imeondoka. Barabara imebaki juu hewani peke yake, ukichungulia chini unaona jangwa, na kwenye hilo jangwa kuna ukanda wa theluji wa hatua kama kumi na sita, halafu jangwa linaendelea. Kuna jahazi lililovunjika limekaa kileleni mwa mlima. Kuna kibanda cha mvuvi kimetokea nusu: nusu mlango, nusu kitanda, moto unawaka kwenye jiko ambalo upande wake wa pili haupo. Changarawe imeelea angani mpaka uiguse, ukiigusa inakuporomokea kichwani.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa nyuma ya stesheni. Pale tulikuwa hatujajenga kitu, palikuwa na kichaka. Sasa pana ziwa jipya, na maji yake yako juu kuliko paa letu. Yamesimama wima. Mmewahi kuona mche wa sabuni ukikatwa kwa uzi, ule ubapa wake unavyong'aa? Ndivyo maji yalivyosimama, ukutani kwa stesheni kabisa, hayasogei, samaki wanaonekana ndani. Nilikuwa natafuta njia ya kupita nikaone yanaishia wapi. Nikatoa tofali moja la uzio. Moja tu. Maji yakaamka. Yaliingia kwa madirisha aliyoyahesabu yule mtoto, yakazima taa zote, yakabeba reli tuliyoitandika, yakatokea mlango wa mbele hadi gatini. Tulikaa kwenye viti tunatazama. Hakuna kitufe cha kusimamisha kitu kama hicho.

Kwa wasiojua, sababu yake ni hii, na ndiyo inayonipandisha hasira. Gemu la namna hii halihifadhi dunia nzima. Linachora kipande kwa kipande kadiri unavyotembea, kwa hesabu zinazoanzia kwenye ile namba ya mbegu. Ukibadilisha hesabu, namba ileile inatoa milima mingine. Hawa jamaa wamebadilisha hesabu, kisha kila kipande ambacho mchezaji hajaweka wala kuondoa tofali wamekifuta na kukichora upya, na vile vilivyojengwa wakaviacha vilivyo. Kipya na cha zamani vinakutana bila kufahamiana. Maji ya ziwa letu hatukuyajenga, kwa hiyo kwao hayakuwa kitu. Lakini ni kwa ajili ya ziwa lile ndiyo tulizikata namba 67!

Msiniambie haikuepukika. Hesabu za kuchora milima kwa kompyuta si kitu kipya, mtaalamu wa kompyuta Ken Perlin alibuni zake tangu miaka ya 1980 na tabia zake zinajulikana. Minecraft, gemu maarufu la matofali ambalo hawa wameliiga waziwazi, lilipitia tatizo hilihili. Toleo la majaribio, Beta 1.8, la mwaka 2011 lilibadilisha mandhari, toleo kamili la 1.7 la mwaka 2013 likabadilisha tena, na wachezaji wa zamani wanazikumbuka kuta zilizonyooka pale dunia ya zamani ilipokutana na mpya. Lakini pale ulipokwisha kutembea pako palibaki pako. Na lilipokuja toleo la 1.18, Novemba 2021, waliongeza kina na urefu wa dunia nzima na bado wakaweka hesabu ya kuchanganya mipaka, milima ya zamani iteremke taratibu hadi ikutane na mipya. Tena Minecraft la Java, lile la kompyuta, linakuruhusu kuchagua toleo la zamani ukaendelea nalo. Imefanyika kwa wengine na inajulikana inavyofanyika. Hawa wa kwetu hawakuona umuhimu.

Halafu kuna nyie mnaocheka.

Jumapili nilipeleka picha kwenye kundi moja la wachezaji. Niliomba msaada kwa heshima, nikaeleza kila kitu. Robo saa haikufika picha ya Liemba na mlima wake ikawa stika. Mmoja akaandika, "Kigoma mwisho wa reli, sasa na mwisho wa ziwa." Wakaigonga vicheko mpaka maelezo yangu yakapotelea juu huko, hakuna aliyejibu swali. Dogo anatumia simu ya mama yake, na kundi lile yumo. Aliiona. Jumatatu hakugusa kompyuta. Jumanne hakugusa.

Mtu akipoteza shamba la mahindi kwa mafuriko mnampa pole. Huyu mtoto amepoteza kazi ya miezi saba, ameifanya baada ya shule, baada ya kuchota maji, ameijenga tofali kwa tofali, na mnamgeuza stika. Nimekasirika, na nina haki.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Nimesoma majibu ya mwanzo. Nawajibu wachache.

Mkuu uliyesema makosa ya ramani ndiyo uhondo wa magemu haya na ukanitolea mfano wa Far Lands: mfano ni wako lakini umeuelewa vibaya. Far Lands ya Minecraft ilikuwa zaidi ya matofali 12,550,000 kutoka katikati ya dunia, yaani kilomita 12,550. Reli ya Dar hadi Kigoma ni kama kilomita 1,250, kwa hiyo safari hiyo uirudie mara kumi, kwa miguu. Huko namba zilikuwa kubwa mno, hesabu ikashindwa, milima ikageuka ukuta wenye matundu kama sega la nyuki. Hakuna aliyekuwa amejenga nyumba yake pale. Mmarekani mmoja, Kurt J. Mac, alianza kuifuata kwa miguu Machi 2011 na akatumia safari hiyo kuchangisha fedha za hisani. Kosa la namna hiyo hata mimi nalipenda, ningekwenda kulitazama. Hili langu limeletwa mpaka mlangoni kwangu na watu waliolipwa kulizuia.

Uliyesema "jengeni upya tu". Liemba ya kweli ilizamishwa mwaka 1916, wakaiibua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Ilirudi kwa sababu ziwa lilikuwa bado lipo. Mimi meli ninayo. Nioneshe ziwa.

Na nyie wa "ungeweka nakala": ninayo. Iko kwenye flashi, ya mwezi uliopita, ina stesheni na barabara, Liemba imefika nusu. Niliinakili kwenye kompyuta nikaifungua, na toleo jipya likaichora upya mbele ya macho yangu, mlima uleule, maji yaleyale. Ya kwenye flashi sijaigusa na siigusi. Nakala haina faida kama toleo la gemu lililoitengeneza halipatikani, na tovuti yao wameliondoa. Nimewaandikia mara tatu. Jibu lilikuwa moja, la mashine, linanishukuru kwa maoni yangu.

Kwa hiyo ninachoomba hapa ni kitu kimoja. Mwenye faili la kusakinisha la toleo la mwisho kabla ya apdeti hii, la kompyuta yenye Windows ya biti 64, aseme kwenye uzi huu. Hata kama liko kwenye diski ya zamani, hata kama ni kwa mtu Kasulu au Tabora au Uvinza, nitalifuata. Gharama ya bando nalipa, nauli nalipa. Kama una kompyuta ambayo haijaunganishwa mtandao tangu mwezi uliopita na gemu limo, tafadhali usiiunganishe kwanza. Niandikie, nikueleze folda gani ya kunakili.

Mods, naomba stika zisipachikwe humu.

NYONGEZA YA PILI: Kuna mdau wa Ujiji anasema kijana wake analo kwenye laptopu ambayo haijaona intaneti tangu ilipoharibika sehemu ya kupokea mtandao. Kesho nikifunga kazi nakwenda na flashi. Nimemwambia dogo. Amechukua lile daftari, anaangalia kama ile namba bado inasomeka.