Choo kimejaa na gari haliingii uchochoroni, nifanyeje kabla ya masika?

Binti_Bondeni ameandika:

Wakuu, habari za jioni. Nimerithi nyumba ya marehemu mama hapa Vingunguti, Dar, upande wa bondeni kuelekea mto Msimbazi. Vyumba sita, wapangaji kumi na tisa ukihesabu na watoto, choo kimoja. Shimo lilijengwa kwa matairi ya lori yaliyopangwa moja juu ya jingine, na sasa limebakiza kama mkono mmoja kufika kwenye sinki.

Gari la majitaka nimeliita mara mbili. Mara ya kwanza dereva aliangalia uchochoro, akacheka, akageuza. Mara ya pili waliunga mipira mitatu, ikapungua hatua kama arobaini hivi, na hela ya mafuta wakachukua. Kinachoniuma ni kwamba mabwawa ya majitaka yako hapa hapa Vingunguti. Harufu yake tunaipata bure, ila cha kwangu hakina njia ya kufika huko.

Jirani yangu yeye hana shida. Choo chake kina bomba ubavuni, limezibwa na tambara la kanga. Mvua ikikolea usiku anachomoa. Asubuhi watoto wangu wanaruka kwenda shule.

Mimi sitaki kutapisha. Lakini masika hayo yanakuja, na wapangaji wawili wameshaanza kuulizia vyumba kwingine. Kuna dawa ya unga inauzwa dukani, wanasema inashusha choo. Nimwage?

Chaupole_TMK:

Pole dada. Sisi huwa tunatia chumvi mfuko mzima na mafuta ya taa, unasubiri siku tatu. Mwaka jana kilishuka vizuri tu. Na ushukuru chako kina kuta. Cha kwetu ni paspoti saizi, ukiinuka unasalimiana na wapita njia.

Mzee_wa_Pampu:

Binti, usimwage kitu. Nimeifanya kazi hii jijini tangu nikiwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Nimekuta chumvi, magadi, hamira, mawe ya redio, na hizo poda. Tope hulainika, likatulia, ukafurahi. Baada ya wiki chache liko pale pale. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kule Afrika Kusini walizijaribu dawa za namna hiyo kwenye vyoo vya shimo vya Durban, hawakuona faida yake. Na Chaupole, siku mtu akiingia na sigara kwenye hayo mafuta ya taa yenu, utatusimulia.

Unachohitaji ni pampu ya mkono. Mwaka 1992 nilikuwa kibarua kwenye mradi wa Waholanzi hapa Dar, mtambo wenyewe ukiitwa MAPET. Mkokoteni mmoja una gurudumu la kuzungusha kwa mkono, wa pili una tangi la lita 200. Ukizungusha, hewa inatoka kwenye tangi na tope linapanda kwenye mpira. Ilipita popote anapopita mbuzi. Tulikuwa tunachimba shimo pembeni ya uwanja wa mwenye nyumba, tunafukia huko huko. Watu walitupenda. Kisha ikafa, na sababu yake siisahau: kipuri kimoja tu cha ile pampu kilikuwa kinaagizwa nje ya nchi. Kikichakaa, mnakaa barazani mnacheza bao. Na malipo yetu hayakutosha kuitengeneza na kuisukuma mji mzima.

Ndiyo maana mwaka 2018 nilipoona Bill Gates yuko jukwaani Beijing na chupa ya kinyesi pembeni yake, akinadi vyoo vinavyosafisha uchafu humo humo bila kuungwa na bomba la majitaka, sikumcheka. Shida anaijua. Ila swali langu lilikuwa moja: kikiharibika, kipuri nitakipata kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani hapa Dar?

Baadaye ikaja Gulper. Iliundwa na Mwingereza, Steven Sugden wa chuo cha tiba ya tropiki cha London, na ikajaribiwa hapa hapa Dar. Ni bomba la plastiki lenye vali mbili, moja chini, moja kwenye fimbo ya chuma. Unavuta juu na chini kama pampu ya kisima, tope linamwagika kwenye dumu. Fundi yeyote wa kuchomelea anaitengeneza. Madumu yanapanda guta, guta linatoka hadi barabarani, na kwako wewe mabwawa ni jirani.

Sasa sikiliza mambo ya shimo lako. Kwanza, uchafu. Kabla ya kuvuta tunavua, kwa nondo iliyopindwa ncha kama ndoano. Pedi, nepi, kandambili, chupa za shampuu, nguo za ndani. Nusu ya siku inaishia hapo, maana kitambaa kimoja kikikaa kwenye vali, kazi imekwisha. Weka ndoo yenye mfuniko pembeni ya sinki, na uwaambie wapangaji ana kwa ana. Karatasi ukutani hawasomi.

Pili, matairi. Usikubali wakuvutie hadi chini, hasa ardhi ikiwa imelowa. Lile tope ndilo linalozuia maji ya nje yasisukume matairi. Nimeshuhudia shimo likijikunja kama chapati baada ya kumalizwa lote, na kuta za choo zikalifuata. Toa nusu ya juu. Pampu yenyewe hata hivyo haishuki zaidi ya mita moja na kitu.

Tatu, mtu asiingie ndani. Akikwambia amezoea, mrudishe kwao. Hewa ya mle inaua kabla hujamaliza kumwita jina.

Halafu niulize: maji ya kuogea yanakwenda wapi?

Otis_Mukuru:

Dada, niko Mukuru, Nairobi. Huku kuna vyoo vya Fresh Life, havina shimo kabisa. Mkojo unaenda kando, choo kikubwa kinaanguka kwenye mtungi, unatia vumbi la mbao, na watu wanapita kubadilisha mtungi. Ule uchafu wanalishia mabuu ya nzi, mabuu yanakuwa chakula cha mifugo. Mwanzo nilikataa kuingia. Siku hizi ndicho choo pekee mtaani ambacho sibani pumzi mlangoni.

Mzee_wa_Pampu:

Otis, hicho nakisifu, kimetatua suala la kubeba tangu mwanzo. Ila huku wengi wetu tunatawaza kwa maji, na choo kikavu hakitaki maji. Ingebidi kuweka sehemu ya kutawazia pembeni, na mgeni asiyejua hukosea hapo.

Binti_Bondeni:

Mzee shikamoo, na asante. Maji ya kuogea yanaingia humo humo, bafu na choo ni chumba kimoja.

Mzee_wa_Pampu:

Marahaba. Basi hilo ndilo linalokujazia. Watu kumi na tisa, ndoo moja moja asubuhi na jioni. Yatoe kwa bomba la inchi mbili hadi kwenye kishimo cha mawe mbali na msingi. Na uliza mtaani kwenu: kuna nyumba hapo Vingunguti zimeunganishwa kwa mabomba membamba yasiyozikwa chini sana, yanapita vichochoroni hadi mabwawani. Mtindo huo ulianzia Brazili miaka ya 1980. Huwezi kuujenga peke yako, lakini nyumba kumi mkikubaliana mnaweza kuzungumza na wahusika.

Binti_Bondeni (baada ya wiki tatu):

Wakuu, mrejesho. Vijana wawili walikuja na pampu na guta. Wamevua kuanzia saa moja hadi saa tano, ndipo wakaanza kuvuta. Madumu 26 ya lita 50, wakaacha ya chini kama mzee alivyosema. Bomba la bafu fundi amelitoa. Mpangaji wa chumba cha nne bado anatupa nepi, ndoo anaiona.

Jirani wa tambara alisimama kizingitini muda wote anatazama. Akauliza bei. Nikamtajia. Akasema atasubiri mvua.